Kilua Kinanukia Mjini, Msitu Wake Unapungua Kwale

Jua likikaribia kutua katika Mji wa Kale wa Mombasa, maua hutolewa barazani: asumini iliyotungwa uzini, mrehani, mkadi, waridi, langilangi, na vilua, yaani maua ya mkilua. Vikiunganishwa huwa kikuba, na kikuba kikibandikwa kifuani au kikichomekwa nywelini, mwanamke huingia harusini harufu ikiwa imemtangulia. Mwambao wote unaijua desturi hii, kuanzia Lamu hadi Unguja. Mkilua hupandwa uani au nyuma ya nyumba, mama au bibi akautunza, na maua yake yakagawiwa majirani palipo na shughuli.

Lisilosemwa sana ni kwamba mti huo una kwao. Kabla haujawa mti wa uani, mkilua ulikuwa kichaka cha msituni, na hadi leo uko huko, chini ya miti mikubwa ya misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kaunti ya Kwale ni miongoni mwa sehemu chache ambako unaota wenyewe bila kupandwa na mtu. Misitu hiyo inapungua mwaka baada ya mwaka. Mkilua wa uani hauwezi kuuokoa mkilua wa msituni, na anayedhani unaweza amejidanganya. Kama Kwale inataka misitu yake ibaki imesimama, basi watu wa Ramisi, Msambweni na vijiji vinavyopakana nayo ndio wanaostahili kuwa wa kwanza kufaidika na ua hilo.

Mkilua ni wa jamaa moja na mtopetope, mstafeli na mlangilangi. Aliyewahi kulichunguza ua la mstafeli ataitambua sura ya ukoo: sehemu zake zimepangwa tatu tatu, petali ni nene, na katikati pamefichwa kana kwamba ua halitaki kuonwa ndani. Mti wenyewe ni mdogo, wa mita chache tu. Ua lake haliringii rangi. Kazi yote imeachiwa harufu, na kuna sababu. Katika jamaa hii wachavushaji wakuu ni mbawakawa wadogo, na katika kivuli cha msitu mzito rangi haifiki mbali. Harufu hufika. Kile ambacho bibi harusi anakitumia kumkaribisha mumewe, mti uliundiwa kumwita mdudu gizani.

Wataalamu wa mimea walichelewa kuupa nafasi yake. Ni mwaka 1970 ndipo Bernard Verdcourt, mwanabotania Mwingereza aliyefanya kazi Nairobi kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia Bustani ya Kifalme ya Kew huko London, alipouandika rasmi kuwa jenasi mpya, akachukua jina la watu wa pwani kama lilivyo: Mkilua fragrans. Wakati huo wanawake wa Mwambao walikuwa wameshayatunga maua ya mti huo uzini vizazi na vizazi. Jenasi hiyo ina spishi moja tu. Mwembe una ndugu wengi wa jenasi yake huko Asia, na mkahawa una ndugu kadhaa katika misitu ya Afrika, lakini mkilua uko peke yake. Ukitoweka msituni, litakuwa limetoweka tawi zima la ukoo, na hakuna mti wa kushika nafasi yake.

Ili kuelewa kwa nini hilo linawezekana, ni lazima kuutazama msitu wenyewe.

Ukanda wa kusini mwa pwani ya Kenya hupata mvua mara mbili: masika kati ya Aprili na Juni, na vuli mnamo Oktoba na Novemba. Upepo wa kusi huleta unyevu kutoka baharini, na vilima vya Shimba, vinavyoinuka zaidi ya mita 400, huuzuia na kuugeuza mawingu na umande. Katika vilima hivyo hutoka chemchemi za Marere, ambazo zimekuwa zikinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni, na upande wao ndiko unakotokea Mto Ramisi, unaoupita mji wenye jina lake kisha ukamwaga maji katika mikoko ya Bodo na Funzi. Kati ya vilima na bahari kumebaki misitu kama visiwa: Gogoni, Buda, Marenje, Muhaka, na vilele viwili vya Mrima na Dzombo. Mrima haitimizi hekta 400. Kaya Kinondo, kando ya ufuo wa Diani, ni kama hekta 30.

Ndani ya misitu hiyo maisha yamepangwa kwa ghorofa. Juu kabisa kuna mvule, mbambakofi na mtandarusi, ule mti ambao sandarusi yake ilisafirishwa karne ya kumi na tisa hadi viwanda vya vanishi vya Ulaya na Marekani. Mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani huruka humo, na huko Shimba palahala hulisha katika mbuga zilizo kati ya miti. Kenya nzima palahala hawapatikani porini kwingine. Chini ya dari hiyo kuna miti ya kimo cha kati na mitambaa inayopanda kutafuta jua. Chini zaidi, mahali ambapo mwanga umechujwa mara mbili tatu na udongo umefunikwa na majani yanayooza polepole, ndipo vinapokaa vichaka vya maua. Mkilua ni mkaaji wa ghorofa hiyo ya chini. Unahitaji kivuli, unyevu usiokauka haraka, na utulivu.

Kwa sababu hiyo kinachouua mkilua mara nyingi si shoka lililoelekezwa kwake. Mtu akiingia msituni kutafuta boriti, au akiangusha mbambakofi mmoja apate mbao za milango, mkilua hana haja nao wala haugusi. Lakini dari imetoboka. Jua linaingia moja kwa moja, udongo unakauka, na pale palipokuwa na kivuli huja magugu yenye kupenda mwanga, hasa lantana, kichaka kilicholetwa kutoka Amerika kwa ajili ya mapambo ya bustani na sasa kimezagaa kila ukingo wa msitu. Kaskazi ikifika, kati ya Januari na Machi, lantana na nyasi huwa kuni kavu. Moto wa kusafishia shamba ukivuka mpaka, unaingia hadi ndani ambako zamani haukuweza kufika. Mimea ya ghorofa ya chini ya msitu wa pwani haikuumbwa kuhimili moto. Baada ya misimu michache msitu ukitazamwa kutoka barabarani bado unaonekana msitu, lakini chini yake ni mtupu.

Ramisi inayajua mabadiliko ya ardhi kuliko miji mingi ya pwani. Kiwanda cha sukari kilianzishwa hapo mwaka 1927, miongoni mwa vya kwanza kabisa nchini, na tambarare ya pande zote za mto ikawa miwa. Wadigo, Wakamba na watu waliotoka magharibi mwa Kenya walifanya kazi na kuishi pamoja humo. Kiwanda kilianguka mwaka 1988, mashamba yakarudi kuwa vichaka na makazi, kisha kampuni ya KISCOL ikaja na kiwanda kipya na kilimo cha umwagiliaji katika maelfu ya ekari. Pembeni mwa miwa kuna minazi, mikorosho, michungwa na mivinje. Kila zao kati ya hayo lilipata nafasi yake kwa kuwa lina mnunuzi. Msitu wa asili umepata kubaki pale tu ambapo kilima kilikuwa kikali, pepo za mizimu zilihofiwa, au serikali iliweka mpaka.

Hapo ndipo hoja ya watetezi wa bustani inapoingia. Husemwa: mkilua hauna shida, uko Mombasa, uko Zanzibar, uko Lamu, hata msitu ukiisha mti utabaki. Hoja hii inasikika nzuri, na historia ya jirani inaikanusha.

Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Ujerumani aliyekuwa Tanga, alituma kwao mmea mdogo wenye maua ya zambarau kutoka eneo la Usambara. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliuandika kwa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya familia ya ofisa huyo. Leo mmea huo uko madirishani Ulaya, Amerika na Japani, umezalishwa kwa rangi na maumbo yasiyohesabika, na ni miongoni mwa maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani. Je, utajiri huo uliuokoa mmea wa porini? Spishi kadhaa za Saintpaulia ziko hatarini kutoweka katika misitu ya Tanzania na Kenya, nyingine zikishikilia jabali moja au mawili yenye kivuli. Maua ya madirishani yalizalishwa kutokana na mimea michache iliyosafirishwa. Nguvu ya kupambana na ugonjwa mpya, ukame au joto imo katika tofauti zilizobaki msituni, na tofauti hizo zinakatwa. Wala utajiri wa biashara hiyo kubwa haukurudi kwa watu wanaolima kando ya misitu hiyo.

Mkilua unaelekea njia ileile. Miti ya nyuani ilitokana na miche iliyopeanwa kati ya jamaa na majirani, mama mmoja akimpa mwenzake, na hivyo ukoo wa miti mingi ya mjini unaweza kuwa mfinyu sana. Tena mkilua wa uani hauishi maisha yake kamili: hauna ndege wala nyani wa kuchukua matunda yake na kuyapeleka mbali, na mche wake hauoti wenyewe kwenye saruji. Unategemea mkono wa mtu. Bibi akifa na nyumba ikabomolewa ili kupisha ghorofa, mkilua hufa siku hiyo. Mji wa Kale umebadilika vya kutosha kwa kila mtu kujua kwamba hilo si jambo la kufikirika tu.

Misitu ya Kwale nayo haijamaliza kufichua yaliyomo. Huko Mrima na Gogoni kuna Gigasiphon macrosiphon, mti wenye maua makubwa meupe ambao duniani umebaki mahali pachache mno. Mwaka 2021 wanasayansi walitangaza spishi mpya ya jamaa hiihii ya mkilua, wakaiita Uvariodendron dzomboense, kwa jina la kilima cha Dzombo. Kilima hicho kinaonekana kutoka barabara ya Lunga Lunga. Watu wamepita chini yake kwa mabasi miaka yote, na juu yake kulikuwa na mti ambao sayansi haikuwa na jina lake.

Ni haki kusema kwamba kama si wazee wa kaya, sehemu kubwa ya mjadala huu isingekuwapo. Mijikenda walizilinda kaya zao, yaani misitu yao mitakatifu, kwa miiko: usikate, usichume, usiondoke na hata jani. Mgeni anayeingia Kaya Kinondo hadi leo hufungwa kaniki nyeusi kiunoni na kuambiwa masharti kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanabotania Ann Robertson na Quentin Luke walipozunguka misitu ya pwani kuorodhesha mimea yake, walikuta nyingi ya hazina hizo katika vijisitu hivi vidogo vya wazee, na kazi yao ilisaidia kaya nyingi kutangazwa kisheria kuanzia mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kadhaa, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Turathi za Dunia. Serikali ilifuata nyuma ya wazee.

Lakini miiko pekee haitoshi tena, na kuwabebesha wazee mzigo huu wote ni kuwaonea. Tazama kaya ya Mrima. Chini ya kaya hiyo kuna naiobiamu na madini adimu ambayo kampuni ya Cortec, mwaka 2013, ilidai yana thamani ya mabilioni ya dola. Leseni yake ilifutwa mwaka huohuo, kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa uwekezaji, ICSID, na mwaka 2018 ikashindwa, kwa kuwa leseni ilikuwa imepatikana bila kufuata sheria za mazingira zinazoulinda msitu huo. Hapo sheria ilisimama upande wa kilima. Hamu ya madini hayo haijaisha, kwa kuwa dunia inayataka kwa ajili ya vifaa vya kielektroniki na magari ya umeme. Kijana wa Mrima asiye na kazi ataulizwa tena achague kati ya msitu na mgodi. Atakayemwambia achague msitu ana wajibu wa kumweleza msitu utamlisha nini.

Jibu lipo karibu na Ramisi kuliko wengi wanavyodhani. Kilomita chache kaskazini, Gazi na Makongeni wamekuwa wakiuza huduma ya kaboni ya mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Hekta 117 za mikoko zinalindwa, na fedha zinazopatikana huingia katika maji ya kijiji, shule na mahitaji mengine ambayo wanakijiji wenyewe huyaamua. Vanga wakafuata mfano huo. Kabla ya hapo mikoko ilikuwa boriti na kuni. Leo mtu wa Gazi akimwona mgeni na panga mikokoni anajua kinachoibwa ni cha nani.

Mfano wa pili unatoka kwa kichaka kigeni. Mzingefuri, ambao wakulima wengi wa Kwale huuita biksa, asili yake ni Amerika ya tropiki. Ulipoletwa pwani ulipata mashamba, wanunuzi na kiwanda cha kutoa rangi yake nyekundu inayotumiwa katika vyakula. Wakulima wa Kwale wamelima kichaka hicho kwa miongo, wakakipogoa, wakavuna mbegu, wakauza. Maana yake ujuzi wa kuishi kwa kichaka wanao. Kilichokosekana kwa mkilua ni mtu wa kuuchukulia kwa uzito uleule, na ni aibu kwamba kichaka kilichotoka ng'ambo ya bahari mbili kina soko rasmi huku cha nyumbani kikiachwa kwa bahati.

Kuna watakaoruka mara moja hadi kwenye manukato ya kusafirisha. Watataja Visiwa vya Ngazija, ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani, malighafi iliyoingia katika manukato maarufu ya Ulaya, Chanel No. 5 ya mwaka 1921 ikiwa mojawapo. Langilangi ni binamu wa mkilua, kwa hiyo fikira hiyo ina msingi. Ila Ngazija ina funzo jingine: kukamua mafuta kwa mvuke hula kuni nyingi, na misitu ya visiwa hivyo imelipa gharama hiyo. Kuanzisha mitambo ya kukamua harufu ya kilua kwa kuchoma msitu wa mkilua kungekuwa upuuzi usiosameheka. Kwanza lianze soko la maua mabichi na miche, ambalo tayari lipo Mombasa na halihitaji tanuri. Kuchuma ua hakuui mti. Mti unaochumwa maua unahitajika kesho uwe hai.

Hili halimaanishi kuwafungulia watu msitu wakachume. Kaya ina miiko yake na hifadhi ya taifa ina sheria zake, na vilua vya soko havipaswi kutoka humo. Kinachotakiwa ni mashamba madogo ya mkilua kwenye vivuli vya minazi na mikorosho ya Ramisi, Mwananyamala, Shirazi na Munje, yakianzishwa kwa mbegu zilizokusanywa kwa kibali kutoka misitu tofauti, kiasi kidogo kwa kila mti, na kuandikwa zilikotoka. Mkilua unapenda kivuli, na kivuli cha mnazi mkulima anacho bure. Vikundi vya wanawake, ambavyo Kwale havina uhaba, ndivyo vinavyofaa kushika kazi hii, kwa kuwa wanawake ndio walioubeba mmea huu hadi leo bila msaada wa mtu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaviruhusu vyama vya misitu vya jamii kushirikiana na Shirika la Misitu Kenya, KFS, katika kusimamia misitu na kunufaika nayo. Chama chenye kitalu cha mkilua na wanunuzi wa uhakika kitakuwa na sababu ya kuzima moto wa Februari kabla haujaingia Gogoni au Buda, kwa kuwa mbegu zake za mwaka ujao ziko humo.

Kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032 ingeweza kuwa fursa. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili ipande miti, na watu walijitokeza. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha ni miti gani. Vitalu vingi vya pwani hujaza mvinje, mkaratusi na mwarobaini, kwa sababu mbegu zake ni rahisi na miche hukua upesi. Mvinje una faida yake kwa nguzo na hakuna haja ya kumsema vibaya mkulima anayeupanda shambani mwake. Mwarobaini ni jambo jingine: ndege hula matunda yake na kutupa mbegu ndani ya misitu ya kaya, ambako unachipua na kuinyima mimea ya asili nafasi. Kuhesabu miche bila kutaja aina ni kujipongeza kwa takwimu. Na katika hesabu zote hizo kichaka hakihesabiwi kabisa, wakati msitu wa pwani bila ghorofa yake ya chini ni nguzo tupu.

Hoteli za Diani nazo zinahusika moja kwa moja. Zilijengwa mahali palipokuwa msitu wa juu ya mawe ya matumbawe, na mabaki kama ya Jadini yanaonyesha jinsi ulivyokuwa mnene. Mgeni anayelipa pesa nyingi kuja pwani ya Afrika Mashariki hutembezwa katika bustani ya bougenvilia kutoka Amerika Kusini na mitende iliyoagizwa, maua ambayo angeyakuta vilevile Miami au Bali. Shirika la Colobus Conservation, lililopo Diani tangu 1997, limekuwa likipanda miti ya asili ili mbega wapate chakula na njia, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba miti ya asili ya huko haioti. Hoteli kumi zikiamua kwamba njia zao za bustani zitapandwa mikilua, na kwamba kikuba anachopewa mgeni mlangoni kitanunuliwa Ramisi, soko litakuwa limepatikana bila ruzuku ya mtu yeyote.

Sehemu iliyo nzito zaidi ya kazi hii ni ardhi ya mgodi uliofungwa. Base Titanium ilichimba mchanga wa madini huko Maumba na Nguluku kuanzia mwaka 2013 hadi Desemba 2024, na sasa ardhi hiyo inasubiri matumizi mapya. Wengine wanataka kilimo, wengine makazi, na familia zilizohamishwa zina madai ambayo ni haki yasikizwe kwanza. Hata hivyo misitu ya Gogoni na Buda ni majirani wa ardhi hiyo, na nafasi ya kuunganisha visiwa viwili vya msitu kwa ukanda wa miti ya asili haitapatikana tena ikipita. Ukanda huo uanze na miti ya dari, kisha, kivuli kikishatanda, vichaka vya chini virudishwe, mkilua ukiwemo. Kazi hiyo ni ya miaka mingi na inahitaji vibarua, vitalu na walinzi, yaani ajira kwa vijana walewale ambao mgodi ulipofungwa walirudi nyumbani.

Mengi ya haya yako ndani ya uwezo wa serikali ya kaunti bila kusubiri Nairobi. Kaunti ina idara za kilimo na mazingira, ina vituo vya afya na shule za chekechea zenye viwanja vinavyosubiri kivuli, na hununua miche kila mwaka. Sharti moja la kwamba nusu ya miche hiyo iwe ya asili ya Kwale, vichaka vikihesabiwa, na kwamba inunuliwe kwa vikundi vilivyo ndani ya wadi zinazopakana na misitu, lingebadilisha hali upesi kuliko kongamano lolote. Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni, na kabla ya hapo sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Vikao hivyo hufanyika wadini, na wadi ya Ramisi ina haki ya kuviingia na orodha yake mkononi: kitalu cha mkilua, ulinzi wa moto Gogoni na Buda wakati wa kaskazi, na mwakilishi wa wadi atakayeyasimamia hayo mawili katika bunge la kaunti hadi yaonekane kwenye vitabu vya fedha.